Siku Niliyoruka Foleni

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa chipsi kabla hujalimaliza, nitakukumbusha kwa ufupi. Aibu yangu haina haja ya kusimuliwa mara mbili yote.

Mimi ni Lorraine Ogden, miaka hamsini na minane, mpakuaji wa chakula katika shule moja ya msingi hapa Skelbeck. Naishi juu mlimani, Hob Bank, kwenye nyumba za halmashauri. Basi letu ni moja tu, namba kumi na mbili, na linaanzia safari huku kwetu. La kwanza kwa siku linaondoka saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nalo ndilo linalonifikisha kazini saa nne kamili. Ya mapema zaidi yalishafutwa zamani.

Goti langu la kushoto lina chuma. Mlima ule siushuki kwa miguu hata nikifukuzwa na mbwa. Na mkuu wa jiko, Bi Pauline Threlfall, ameshanionya mara mbili kwa kuchelewa. Nikichelewa ya tatu, alisema, aproni naiacha msumarini.

Kwa hiyo elewa: basi la saa tatu na ishirini likifa, kazi yangu nayo imekufa.

Na aliyelitia kitanzi basi hilo ni mimi mwenyewe.

Halmashauri iliomba maoni ya wananchi juu ya kuboresha usafiri. Nikaandika. Nikasema turudishiwe mabasi ya mapema, tupewe na la Jumapili, kwa sababu hili la saa tatu na ishirini linabeba "zaidi ya watu arobaini kila siku, wengine wamesimama mguu mmoja kwa kukosa pa kuuweka wa pili."

Ukweli? Tulikuwa wawili. Mimi na Bw. Eccles, anayekwenda maktaba kusoma magazeti ya bure. Alhamisi tulikuwa watatu, alikuja mama mmoja na paka wake.

Jibu likaja. Jumanne atapanda basi hilohilo la saa tatu na ishirini ofisa wa kuhesabu abiria. Wakizidi ishirini na watano, njia itabaki na itaboreshwa. Wakipungua kumi na wawili, namba kumi na mbili inafutwa.

Wiki jana niliishia nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, barua mkononi, nalia. Sasa msikie nilichofanya baada ya kupenga kamasi.

*

Nilianza kugonga milango.

Wa kwanza alikuwa Clifford Tordoff, miaka sabini na tisa, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kiwandani. Kiwanda kilifungwa, chama kilikufa, yeye bado anaongoza.

"Cliff, nakuhitaji Jumanne."

"Kuna mgomo?"

"Hakuna mgomo. Panda basi tu, la saa tatu na ishirini."

Akakuna kidevu. "La saa tatu na ishirini, unasema."

"Ndiyo. Na uwalete wale wa klabu ya domino."

"Wote?"

"Wote. Hata yule anayeiba."

"Wanaiba wote," akasema Cliff. Akaniangalia kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. "Haya, dada. Kama umeshapanga, umeshapanga."

Niliondoka pale kifua mbele. Nyumba ya pili nikaambiwa hivyohivyo: "Kama umeshapanga, kipenzi." Ya tatu hivyohivyo. Nikawaza, watu wa Hob Bank wana heri, hawaulizi maswali.

Nikamaliza kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, Bi Winnie Hardcastle. Ana miaka themanini na mitatu na kimo cha mwavuli uliofungwa. Mama yangu alipofariki ni yeye aliyeniletea supu siku tisa mfululizo, na siku ya kumi akaniambia sasa inatosha, kaoge.

Mumewe, Stanley, yuko nyumba ya kutunzia wazee kule mjini. Kila siku ya Mungu Bi Winnie anapanda basi la saa nne na ishirini kwenda kumwona. Anafika saa tano. Saa sita kasoro dakika chache wanampeleka Stanley kula, wageni wanaombwa watoke. Jina la mkewe Stanley ameshalisahau, lakini biskuti yake ya chai hali. Anamwekea "yule mama mzuri anayekuja."

"Bi Winnie," nikamwambia, "Jumanne ningeomba upande la saa tatu na ishirini."

Akaacha kukoroga chai. "La saa tatu na ishirini?"

"Ndiyo. Muhimu sana."

"Lo." Akakoroga tena, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Haya, kipenzi. Kama umeshapanga."

Ningekuwa na masikio ningelisikia hilo "kama". Huku kwetu mtu akikwambia "kama umeshapanga", anamaanisha umepotea njia kabisa, ila hapendi kukuvunja moyo. Nimezaliwa mlimani hapa, naijua lugha yangu. Lakini mwenye shida hasikii, ana mdomo tu.

*

Jumanne ikafika na manyunyu yake.

Kazini nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya kuchelewa siku hiyo moja, maana kupandisha wazee wote hao si kazi ya dakika mbili. Nilimwambia Bi Pauline naenda kung'oa jino. Ndiyo, uongo mwingine. Ukishaanza kusema uongo ni kama kula karanga.

Nilichelewa kufika kituoni kwa sababu nilipita tena nikigonga milango ya wavivu. Nilipokunja kona, machozi yalinilenga. Watu arobaini na mmoja! Foleni ilianzia kwenye nguzo ya kituo, ikapita duka la chipsi lililofungwa, ikaishia kwenye ua wa Bi Sykes. Miavuli, chupa za chai, vikongojo. Klabu ya domino nzima na tai zao.

Mbele kabisa, wa kwanza, Bi Winnie na mkoba wake.

Mimi nikaenda kusimama mwisho wa foleni, kama binadamu mwingine yeyote mwenye malezi.

Basi likaja saa tatu na dakika kumi na nane. Kwenye usukani Harjit Bhogal, kijana wa watu, miaka kumi na moja yuko njia yetu. Nyuma yake amekaa bwana mmoja mrefu, koti la mvua la kijani, daftari magotini, na mkononi kidude cha kubonyeza, kile cha kuhesabia. Huyo ndiye Bw. Nigel Prowse wa halmashauri. Alipoiona foleni ile, nyusi zilipanda mpaka kwenye nywele.

Nikajisemea, Lorraine, leo umeua.

Mlango ukafunguka. Bi Winnie akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akaangalia saa ya basi, ile nyekundu juu ya kioo.

Akamuuliza Harjit, "Nimewahi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipogundua nilichofanya.

Hebu nikueleze. Wazee wetu wana kadi za kupanda basi bure. Lakini kadi hizo zinaanza kufanya kazi saa tatu na nusu. Si saa tatu na dakika ishirini na tisa. Saa tatu na nusu. Ukiigusisha kabla, mashine inalia vibaya na taa inawaka nyekundu. Kwa hiyo kila mzee wa Skelbeck akiukaribia mlango wa basi asubuhi anauliza swali moja, "Nimewahi?", yaani nimekuja kabla ya saa ya kadi, na madereva wamewapachika jina, wanawaita akina Nimewahi. Utani huu naujua tangu nasoma. Nimeucheka miaka na miaka.

Na ni mimi, mwenye akili zangu, niliyekusanya akina Nimewahi arobaini kwa ajili ya basi linaloondoka dakika kumi kabla ya saa yao.

"Umewahi, shangazi," Harjit akasema kwa upole. "Kwa dakika kumi."

"Basi nitasubiri," akasema Bi Winnie.

Na akasubiri. Palepale. Mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye lami.

*

Nyuma yake hakuna aliyesogea.

"Cliff!" nikaita kutoka mwisho. "Mlijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba kadi hazifanyi kazi saa hii!"

"Kila mtu anajua," akasema Cliff.

"Sasa kwa nini hamkuniambia?"

Wakatazamana. Viatu vikaangaliwa sana.

"Hatukupenda kusema," Bi Sykes akajibu. "Ulikuwa na furaha sana."

"Tulidhani umeshaongea nao," mwingine akadakia.

"Mimi nilimwambia mke wangu, huyu atakuwa ameandikiwa kibali."

Watu arobaini walijua! Wakavaa, wakapiga pasi tai, wakajaza chai kwenye chupa, wakaja kusimama kwenye manyunyu, kwa sababu hawakupenda kusema.

"Basi lipeni tu leo!" nikapiga kelele. "Nauli ya siku moja!"

Hapo ndipo niliposikia manung'uniko ya kweli.

"Kulipa?" Cliff akageuka mzimamzima. "Kiti ambacho baada ya dakika kumi ni bure? Hilo ni suala la msimamo, dada."

"Na mimi pochi nimeacha nyumbani," akasema mmoja. "Nina kadi tu."

"Sijalipa basi tangu nitimize umri, sianzi leo mbele ya mtu wa halmashauri."

"Bw. Eccles!" nikaita. Yeye alikuwa wa tatu kwenye foleni, naye hulipa kila siku. "Wewe panda! Panda, akuhesabu!"

Bw. Eccles akanitazama kana kwamba nimemwomba avue suruali.

"Bi Winnie yuko mbele yangu," akasema.

"Mpite!"

"Mpite?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Kwenye foleni?"

Ndani ya basi Bw. Prowse akaangalia saa yake. "Dereva, saa tatu na ishirini. Ni muda wa kuondoka."

"Siwezi kufunga mlango, bosi. Kuna shangazi katikati."

"Abiria wangapi wamepanda?"

"Bado hajapanda mtu."

"Basi itabidi niandike sifuri," akasema Bw. Prowse, na nikamwona kwa macho yangu akifungua kalamu.

Sifuri! Watu arobaini na wawili kituoni, na sifuri kwenye karatasi.

Sasa nakiri. Nimekiri uongo wa barua, nimekiri jino. Haya yote mama yangu angenisamehe. Hili sidhani.

Niliruka foleni.

Nilitoka mwisho, nikampita Bi Sykes. Nikapita klabu ya domino. Nikasikia pumzi zikivutwa. "Lorraine?" "Anakwenda wapi huyu?" "Hoi! Foleni inaanzia kule!" Nilimpita Bw. Eccles, akafumba macho. Nikampita Cliff Tordoff, mtu aliyewahi kuzuia malori kwa kifua chake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikutegemea kwako."

Nikajipenyeza ubavuni kwa Bi Winnie, nikapanda, nikalipa.

Tiki, kikalia kidude cha Bw. Prowse.

"Mmoja," akasema.

*

Nilipogeuka, nyuso arobaini na moja zilikuwa zinanitazama, na hakuna hata moja iliyokuwa rafiki.

"Bi Winnie," nikasema, "tafadhali. Ingia."

"Kipenzi, saa bado." Hakuwa amekasirika. Alisikitika tu, na hiyo ni mbaya zaidi. "Na ningekuwa wewe ningerudi mwisho. Watasema maneno."

"Sijali maneno. Bi Winnie, nisikilize. Hili basi linafutwa."

"Lipi?"

"Namba kumi na mbili. Nzima. Asubuhi, mchana, jioni. Huyu bwana akiandika sifuri, halitapanda mlima huu tena."

Nilikuwa nimenong'ona. Lakini mnong'ono wangu ni wa mtu aliyezoea kuwaita watoto mia mbili waje kuchukua bakuli.

Foleni nzima ikasikia.

"Nani kasema linafutwa?" Cliff akauliza.

Ningeweza kusema serikali. Wangeniamini mara moja. Lakini nilimwona Bi Winnie akishika mkoba wake kwa mikono miwili, na nikajua ameshafika mbali, ameshafika kwenye kile chumba chenye dirisha na mzee aliyeshika biskuti.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika barua. Nilidanganya. Nilisema hili la saa tatu na ishirini linabeba watu arobaini, na siku zote tuko wawili. Watatu akija paka. Ndiyo maana wamekuja kuhesabu. Nilitaka tupate mabasi zaidi, nikaenda kuliponza na hili tulilonalo. Nisameheni. Niliogopa kuwaambia."

Cliff akavua kofia, akaikung'uta mvua, akaivaa tena.

Kisha nikakumbuka Bw. Prowse yuko nyuma yangu, na kalamu yake wazi.

"Umeyasikia?" nikamuuliza bila kugeuka.

"Nina masikio, mama," akasema. "Lakini kazi yangu ni kuhesabu vichwa. Dhambi zina mtu wake."

Bi Winnie akaangalia saa nyekundu ya basi. Saa tatu na dakika ishirini na tatu. Mwanamke huyu, nikwambie, hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata usiku wa Krismasi pasipo na gari hata moja.

"Harjit, mwanangu," akasema. "Huwezi kuondoka mtu akiwa mlangoni, sivyo?"

"Hairuhusiwi kabisa, shangazi."

"Na mzee akiwa na shida ya kupanda, lazima umngoje?"

"Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa."

Bi Winnie akavuta pumzi. Akaufungua mkoba.

"Sioni miwani yangu," akasema.

Miwani ilikuwa puani.

*

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi nilifikiri najua kusema uongo. Siku ile niliona mwanafunzi akimpita mwalimu.

Bi Winnie alitoa leso, akaikunjua, akaikagua. Akatoa picha ya Stanley kijana, akamwonyesha Harjit. Harjit akauliza ilipigwa mwaka gani. Akaelezwa, pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Bi Winnie akatoa peremende. Akamtuma Bw. Eccles atazame chini ya kiti cha kituo. Bw. Eccles alikwenda, na aliporudi alirudi nafasi yake ileile ya tatu, akaomba radhi kwa kuondoka.

"Mama, miwani unayo usoni," Bw. Prowse akasema hatimaye.

"Hii ni ya mbali, bwanangu. Natafuta ya karibu."

Saa tatu na dakika ishirini na saba.

"Mguu wangu umekufa ganzi," akatangaza Bi Winnie.

"Usimguse!" Cliff akaunguruma kutoka nyuma. "Mtu aliyekufa ganzi haguswi! Nimefanya mafunzo ya huduma ya kwanza!"

"Nimkande?" akauliza Bi Sykes.

"Kanda polepole. Kuna dakika... ee... kuna ulazima wa kukanda polepole."

Nilimtazama Bw. Prowse. Alikuwa ameinamia daftari lake na mabega yanatikisika. Nikadhani anakohoa.

Saa nyekundu ikageuka. Tatu na nusu.

Bi Winnie akaweka mguu wa pili kwenye ngazi, mzima kabisa, akagusisha kadi yake. Taa ikawaka kijani.

"Sijawahi," akamwambia Harjit kwa fahari.

Tiki.

Halafu wakaingia. Mmoja mmoja, kwa zamu, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Taa ya kijani, tiki. Kijani, tiki. Klabu ya domino, tiki tiki tiki. Bw. Eccles akalipa kama kawaida yake na kudai risiti. Cliff alipopanda aliniinamia sikioni. "Foleni sijaisahau," akasema. "Lakini barua ile ilikuwa na moyo." Kutoka kwa Cliff hayo ni maua.

Viti vikajaa. Watu wakasimama. Na Mungu ni shahidi wangu, yule anayeiba zaidi kwenye domino alisimama mguu mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na jipu.

"Arobaini na wawili," akasema Bw. Prowse, akaandika, na kupiga mstari chini yake.

Kelele zilizotoka ndani ya lile basi zilisikika hadi bondeni.

*

Tulishuka mlima tukiwa na sherehe. Chai ilimiminwa, keki ya tangawizi ilikatwa, tukapokezana kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma. Mtu akaanzisha wimbo wa timu ya mji, ile inayofungwa kila Jumamosi, na wote tukaitikia kana kwamba imechukua kombe. Harjit alikuwa anapiga honi kwenye kona zisizo na mtu.

Bi Winnie alikaa karibu na Bw. Prowse akamlisha peremende tatu kwa nguvu. Mimi nilisimama mbele yao nimeshika nguzo, goti linauma, moyo mwepesi. Nimepona, nilijisemea. Basi limepona, kazi imepona.

"Niambie kitu, mama," Bw. Prowse akanigeukia. "Hawa wote wanakwenda mjini kila siku?"

"Karibu wote," nikasema. "Lakini wanapanda la saa nne na ishirini."

"Kwa sababu ya kadi."

"Kwa sababu ya kadi. Hili la kwanza linawapita kwa dakika kumi tu."

"Dakika kumi," akarudia. Akapekua daftari lake mbele na nyuma. Akaanza kutabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, la mtu aliyekaa ofisini miaka mingi akisubiri jambo moja la maana la kufanya. "Mabasi ya Jumapili na ya mapema, sitakudanganya, hayo ni vikao vya miaka miwili. Lakini kuna jambo naweza kuliidhinisha leo, kwa sahihi yangu. Halihitaji basi jipya wala dereva mpya."

"Jambo gani?" Bi Winnie akauliza.

Bw. Prowse akasimama, akashika nguzo, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mabwana na mabibi! Njia yenu inabaki! Na kuanzia Jumatatu, basi la kwanza halitaondoka tena saa tatu na ishirini. Litaondoka saa tatu na dakika thelathini na tano. Kadi zenu zote zitafanya kazi!"

Nilidhani madirisha yatatoka. Cliff alivua kofia na kuipungia dari. Bi Sykes akambusu Bw. Eccles, ambaye hakuwa kwenye zamu ya kubusiwa.

Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Tatu na thelathini na tano, kuongeza nusu saa na dakika tano za barabarani. Mjini saa nne na dakika kumi. Kila siku. Kazini naingia saa nne kamili. Bi Pauline, msumari, aproni.

Mkono mdogo ukashika mkono wangu. Bi Winnie alikuwa ananitazama, miwani yote imeingia ukungu.

"Lorraine," akasema, "nitafika kwa Stanley saa nne na robo. Unajua hiyo ni nini? Nitakuwa naye saa nzima na nusu. Nitamnywesha chai ya saa nne mimi mwenyewe." Akacheka, akalia, akacheka tena. "Ni wewe, kipenzi. Wewe na uongo wako."

Bw. Prowse alikuwa ameshatoa karatasi ya manjano na kuipiga muhuri juu ya goti lake. Akanyoosha kidole mahali penye mstari.

"Inahitajika sahihi ya mwananchi aliyeleta ombi," akasema. "Ni utaratibu tu. Barua ilikuwa yako, mama Ogden. Kama kuna pingamizi lolote, liandikwe hapa sasa hivi. Likishapita leo halirudi tena mezani."

Akanipa kalamu.

"Yupo mwenye pingamizi?" Cliff akauliza kwa utani, na basi zima likacheka, likageuka kunitazama, vichwa arobaini na kimoja vyenye keki midomoni.

Mkono wa Bi Winnie ulikuwa bado umeshika wangu, ule wa kulia, ninaoandikia. Nikamwomba aniachie, nitie sahihi.